Maji Hayanywewi kwa Hesabu ya Glasi

Joto la Dar es Salaam likipanda, ujumbe uleule hurudi kwenye simu zetu. Wanaousambaza ni watu wema, mara nyingi ndugu zetu, kwenye makundi ya ukoo, ya kwaya na ya vikoba. Wanataka tunywe maji, na hilo ni jema. Lakini ndani yake mna madai ambayo nimeyasikia mpaka kwenye benchi la kusubiri kliniki, na moja kati ya hayo linaua.

Dai la kwanza: kila mtu mzima anywe glasi nane kwa siku. Mwaka 1945 bodi ya chakula na lishe ya Marekani ilipendekeza takriban lita mbili na nusu za maji kwa siku, kisha ikaongeza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo kwenye chakula. Watu wakashika la kwanza, la pili likasahaulika. Mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa figo, alipekua maandiko ya kisayansi akitafuta ushahidi wa glasi hizo nane kwa watu wenye afya wasiofanya kazi nzito wala kuishi kwenye joto kali. Hakuupata. Aliyeanza siku kwa uji, akala mchuzi mchana na tikiti jioni, ameshapata maji mengi bila kushika glasi. Anayesukuma mkokoteni Kariakoo jua la Februari, glasi nane hazimtoshi hata kidogo. Hesabu moja haiwezi kuwafaa wote wawili. Kwa wengi wetu, mkojo ni kipimo bora zaidi: ukiwa wa manjano hafifu, mambo ni mazuri, ukipungua na kukolea, ongeza maji.

Pili: ukisikia kiu, umeshachelewa. Kwa mtu mzima mwenye afya, si kweli. Damu ikikolea kwa asilimia moja au mbili tu, ubongo hutambua na kiu huanza, kabla mwili haujapata madhara. Ila wazee ni suala jingine, kwa sababu kiu hufifia kadiri umri unavyosogea. Bibi yangu alikuwa na uwezo wa kukaa na kikombe kimoja cha chai tangu asubuhi hadi magharibi bila kuomba kitu. Siku alipoanza kuchanganya majina ya wajukuu, sote tukasema ni uzee. Nesi aliyemwona alimfinya ngozi ya mkono, akatazama ulimi, akatuambia bibi amepungukiwa maji. Tangu siku hiyo hatukumwuliza tena kama ana kiu. Tulimpelekea kikombe, tukakaa naye mpaka akimalize.

Tatu: chai na kahawa hukausha mwili. Kafeini huongeza mkojo kidogo, lakini kwa aliyezoea, kinachobaki mwilini ni kingi kuliko kinachotoka. Chai yako ya asubuhi inahesabika. Cha kuangalia humo ni sukari.

Nne: kunywa mengi uwezavyo, maji hayana madhara. Yanayo. Kwenye mbio za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488, wakakuta asilimia 13 kati yao chumvi ya damu imeshuka kupita kiasi, hasa wale waliokunywa mpaka wakamaliza mbio wakiwa na uzito mkubwa kuliko walioanza nao. Hali hiyo huvimbisha ubongo na inaweza kuua. Mgonjwa wa figo au wa moyo aliyepimiwa maji na daktari asivunje kipimo hicho kwa sababu ya ujumbe wa simu.

Sasa lile linaloua: mtoto anayeharisha asipewe maji, yatamzidishia. Mama huona mtoto amekunywa, dakika chache baadaye ametoka choo, basi anamnyima. Lakini choo hicho kingetoka tu. Asipokunywa, kitatoka kwa maji ya damu yake mwenyewe. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kilizuka kwenye kambi za wakimbizi nchini India, na chupa za dripu zikaelekea kuisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Siri iko kwenye utumbo mwembamba: hata unapougua, sukari na chumvi huingia humo zikishikana, na maji huzifuata.

Ndiyo maana kipakiti cha ORS, chenye mchanganyiko huo wa sukari na chumvi wa kukorogwa kwenye maji, kina thamani zaidi kuliko soda au juisi, ambazo sukari yake nyingi huweza kuzidisha kuharisha. Kama hakipo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto mwenye afya aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji hata joto liwe kali namna gani, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji. Akiharisha, anyonye mara nyingi zaidi na apelekwe kituo cha afya mapema.

Macho yakididimia, mtoto akilegea, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, usingoje kesho. Mkiwa njiani mpe ORS kijiko kwa kijiko kama anaweza kumeza. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena, polepole zaidi.