Mzinga Usiolala na Mlinzi Aliyelala

Wapo watu wapendao kusema kwamba mashine ikiisha kujua kujiendesha, mwanadamu hana kazi tena. Shahidi wao mkubwa ni mzinga uitwao Phalanx, ambao tangu mwaka 1980 umefungwa katika manowari za Marekani ili kuzikinga na makombora. Nakusihi, msomaji, usiwakubalie upesi.

Mzinga wenyewe ni wa ajabu kweli. Una mitutu sita izungukayo pamoja, na rada yake yenyewe. Hulitafuta kombora lijalo, hulipima mwendo, hupambanua kama lina hatari, kisha hufyatua. Na risasi zikiwa zingali angani huzitazama na kujisahihisha shabaha. Aina za karibuni hutoa risasi 4,500 kwa dakika, yaani 75 kwa kila sekunde. Walakini haufiki mbali, kadiri ya kilomita moja na nusu tu. Piga hesabu (nayo si ngumu kuliko zile za darasani): kombora lendalo meta 300 kwa sekunde hulimaliza eneo hilo kwa sekunde tano. Katika muda huo mtu hawezi kuuliza, kujibiwa na kuamuru. Hapo wasema kweli, nami siwapingi.

Kosa lao ni kudhani kwamba fikira imemwondokea mtu. Haikumwondokea, imetangulia tu. Mtu ndiye aamuaye, kabla ya sekunde zile tano, kama mzinga uachwe huru au uzuiwe. Tarehe 17 Mei 1987, katika Ghuba ya Uajemi, ndege ya Iraki iliipiga manowari ya Marekani, Stark, kwa makombora mawili. Mabaharia 37 walikufa. Mzinga ulikuwapo, wala haukutoa hata risasi moja. Miongoni mwa sababu ni kwamba haukuwa umewekwa katika hali ya kujiendesha. Tarehe 14 Julai 2006 manowari ya Israeli, Hanit, ilipigwa mbele ya pwani ya Lebanoni, wakafa watu wanne. Nayo ilikuwa na mzinga wa namna hiyo hiyo, lakini haikudhaniwa kuwa adui ana kombora kama lile, na vyombo vya kujikinga havikuwashwa.

“Basi uachwe huru daima!” watasema. Ndivyo ulivyokuwa ule wa manowari Jarrett tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba. Missouri, manowari ya taifa lile lile, ilirusha angani vipande vyembamba vya kuzihadaa rada za adui. Mzinga ukavidhania kombora, ukavifyatulia, na baadhi ya risasi zikaipiga Missouri. Kwa bahati hakufa mtu. Tutaulaumu mzinga? Wenyewe hujua mwendo na umbali. Urafiki na uadui haujui. Wala si mashine peke yake iliyokosa mwaka 1996, manowari ya Japani, Yugiri, ilipoiangusha kwa mzinga huo ndege ya Marekani iliyokuwa ikivuta shabaha ya mazoezi: amri ya kupiga ilitolewa mapema mno. Watu wawili waliokuwamo waliruka wakaokolewa.

Nao wakikutajia manowari Gravely, ambayo usiku wa tarehe 30 Januari 2024, katika Bahari ya Shamu, iliangusha kwa Phalanx kombora la Wahouthi lililokuwa limekwisha kukaribia sana, wakubalie kwamba mzinga ulifanya kazi yake. Kisha waulize ni nani aliyekuwa macho akaufungulia.