Wastani Unapomficha Mtoto

Hapana shaka utafiti wa afya umeshamiri katika pwani yetu ya Ziwa Victoria. Huko Maseno, penye chuo kikuu kilichopata hadhi kamili mwaka wa 2001, na hata Kisumu mjini, wanafunzi huenda zahanatini na madaftari, wakarudi na habari za watu ishirini, kumi, pengine saba. Sina ugomvi na uchache huo. Mwanafunzi hana fedha za kuhoji maelfu. Ugomvi wangu ni na hesabu zinazofuata.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watoto saba wenye homa wamefikishwa zahanatini baada ya siku 1, 1, 2, 2, 3, 3 na 30. Jumla ni 42. Igawe kwa saba, upate wastani wa siku 6. Mwanafunzi huandika kwamba wazazi wa kijiji hicho hukawia siku sita, na mwalimu akatia sahihi. Je, msomaji, ni mzazi yupi aliyekawia siku sita? Hakuna hata mmoja! Watoto sita walifikishwa katika siku tatu za kwanza. Kijiji kizima kimetiwa doa kwa sababu ya mtoto mmoja, na mtoto huyo, ambaye yamkini ndiye aliyestahili kutembelewa nyumbani, amezama ndani ya wastani asionekane tena.

Sasa zitazame namba hizo zilivyopangwa, kutoka ndogo hadi kubwa. Ile ya katikati ni 2. Hata mtoto wa mwisho angekawizwa siku 60, ingebaki 2, ilhali wastani ungepita 10. Katika malaria jambo hili ni zito zaidi, kwani vimelea katika damu ya mtoto mmoja vyaweza kuwa mara mia ya vile vya mwenzake.

Asilimia nazo! Twaambiwa asilimia 50 ya wagonjwa walipona, kumbe wagonjwa wenyewe walikuwa wanne. Linganisha na majaribio ya tohara ya wanaume yaliyofanywa Kisumu, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2007. Vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Katika kundi la kutahiriwa, 22 waliambukizwa virusi vya ukimwi. Katika kundi la pili, 47. Asilimia zilitolewa, naam, lakini hesabu ya watu ilikuwa papo hapo. Ikiwa wenye maelfu hawakuona haya kutaja 22 na 47, mwenye wagonjwa wanne anaficha nini?

Nawalaumu walimu kuliko wanafunzi. Kompyuta hutoa wastani wenye desimali nne kwa kufumba na kufumbua, nasi tukaridhika na jedwali la kupendeza. Namba saba zaenea katika mstari mmoja, ziandikwe zote. Kisha mwanafunzi arudishwe zahanatini, kabla ripoti haijapigwa chapa, akaulize yule wa siku 30 alikawizwa na nini: nauli, mto uliofurika, au karani aliyeandika 30 badala ya 3.