Asilimia Sita ya Namanga Si Asilimia Sita ya Nairobi

KANDO YA LAMI, na Naserian Mutua

Ukishika barabara ya Nairobi kwenda Namanga, kima cha chini cha mshahara kinateremka mara mbili kabla hujauona mpaka. Wala si ubahili wa matajiri. Serikali yenyewe imeandika hivyo.

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 1, 2024 inataka kibarua wa kawaida, yaani mfagiaji, yaya, tarishi au mlinzi wa mchana, alipwe Sh16,113 kwa mwezi jijini Nairobi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Mavoko, kwenye viwanda vya saruji na EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, ni Sh14,866. Ingia Kitengela, pita Isinya, Kajiado na Bisil hadi Namanga, na sasa umo katika kile amri inachokiita maeneo mengine. Huko ni Sh8,596.

Hoja ya wanaoutetea mpango huu ni kwamba maisha ya nje ya jiji ni nafuu. Chumba cha Bisil pengine. Lakini Kitengela? Mama anayeshona nguo EPZ na yaya anayemshikia mtoto wanaishi ploti moja, wanadaiwa kodi na landlodi mmoja na kukopa unga duka moja. Mamlaka ya nishati, EPRA, nayo inapotangaza bei ya mafuta kila mwezi, huipangia miji bei kwa kuhesabu gharama ya kusafirisha. Haijawahi kuipangia Namanga petroli kwa nusu ya bei ya Nairobi. Makato ya nyumba ni asilimia 1.5 popote ulipo.

Kinachoniudhi zaidi ni hesabu ya Mei Mosi. Kati ya 2018 na 2022 kima hiki hakikuongezwa hata senti, corona ikatukuta na kutuacha hapo. Mwaka 2024 Rais akatangaza asilimia sita, watu wakapiga makofi. Sasa piga hesabu: mfagiaji wa Nairobi aliongezewa Sh912, wa Namanga Sh486. Pengo kati yao lilikuwa Sh7,092, likawa Sh7,517. Kila tunaposherehekea nyongeza ya asilimia, tunamsukuma wa Namanga nyuma kidogo.

Wapo wanaoweza kujitetea bila amri ya waziri. Mei 2020, Kenya na Tanzania zilipovutana kuhusu vipimo vya corona, malori yalijipanga Namanga foleni isiyoonekana mwisho, na haukupita muda mrefu serikali zikaketi kuzungumza. Lori likisimama, bidhaa imesimama. Bangladesh, mwishoni mwa 2023, washonaji nguo walijaa barabarani wakidai mshahara wa taka 23,000, sarafu ya kwao, kwa mwezi. Wakapewa 12,500 kutoka 8,000, na baadhi yao waliuawa katika maandamano hayo. Washonaji wa EPZ ya Athi River wanaijua njia hiyo: waligoma Januari 2003, na wengi wakapoteza kazi.

Yaya wa Kitengela atagoma na nani? Yuko peke yake jikoni kwa mwajiri, ambaye mara nyingi naye ni mwajiriwa anayelia na payslipu yake. Mlinzi wa duka la Kajiado akiondoka asubuhi, mchana kuna mwingine langoni. Chama chao pekee, kwa kweli, ni lile jedwali katika gazeti rasmi la serikali, na ndilo linalowapunja. (Kwamba waajiri wengi hawalipi hata hizo Sh8,596 ni kisa cha wiki nyingine.)

Basi Mei Mosi ijayo Francis Atwoli na wenzake wa COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, wasiombe asilimia. Waombe shilingi, kiasi kilekile kwa kila safu ya jedwali. Na Kitengela iondolewe katika maeneo mengine hata kabla ya siku hiyo. Hilo halihitaji uwanja wala hotuba, linahitaji saini ya Waziri wa Leba.