NYUMBA YETU: Tugeuze Faili la Sauti Bila Kuipoteza Sauti



Hapo zamani askari aliyepelekwa mbali aliwaletea jamaa zake sauti yake katika kanda. Siku hizi hutuma ujumbe wa sauti kwa simu. Lakini ujumbe wa WhatsApp huhifadhiwa katika muundo uitwao Opus, ilhali redio nyingi ndogo zinazotumia kadi hufahamu MP3. Babu kijijini akitaka kumsikiliza mwanawe redioni, hapana budi faili ligeuzwe. Kazi hiyo si ngumu. Lililo muhimu ni kujua kinachopotea.

Miundo ya sauti ni ya namna mbili. Namna ya kwanza huhifadhi sauti yote. WAV ya kiwango cha CD, ambayo sauti yake hupimwa mara 44,100 kila sekunde, huchukua megabaiti 10 hivi kwa dakika moja. FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, mara nyingi hulipunguza faili hilo hadi karibu nusu pasipo kupoteza chochote. Namna ya pili, kama vile MP3 na Opus, hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui vyema. Ndiyo maana dakika moja ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti 1 tu.

Akina mama wanalifahamu jambo hili jikoni. Mahindi yakishakobolewa, pumba zimekwenda. Sembe hairudi kuwa dona. Hali kadhalika, agezaye kuigeuza MP3 kuwa WAV hupata faili kubwa tu, bali kilichotupwa hakirejei. Na nakala ya MP3 ikigeuzwa tena na tena, kila mara hukobolewa upya, hata maneno yakafifia.

Basi shauri letu ni hili. Kwanza, faili la asili lisifutwe kamwe. Liwekwe mahali pawili, kwa mfano katika kompyuta na katika kadi. Pili, kila nakala itokane na asili, si na nakala nyingine. Tatu, kubadili herufi za mwisho za jina la faili si kuligeuza. Itumike programu ya kazi hiyo, kama Audacity, ambayo hupatikana bila malipo. Nne, kanda za zamani zinakiliwe kwanza katika WAV au FLAC, ndipo zitolewe MP3 za kugawiwa jamaa. Tano, nakala isikilizwe mwanzo hadi mwisho kabla ya kuisambaza.

Aidha, zipo huduma za intaneti zinazogeuza mafaili. Kuzitumia ni kuipeleka sauti katika kompyuta ya mtu usiyemjua. Mazungumzo yenye siri za nyumba, au yanayogusa kazi ya askari, yageuzwe katika kompyuta yako mwenyewe. Na askari polisi aliyerekodi maelezo ya shahidi alitunze faili la asili kama lilivyo, kwani nakala iliyobanwa yaweza kuzusha maswali.

Baba aliyeanguka kazini hatarekodiwa mara ya pili. MP3 na iende kwa shangazi, wajomba na wajukuu; lakini faili la asili libaki sandukuni, pamoja na nishani zake na vyeti vyake.

Hadi juma lijalo, tunawatakia amani nyumbani.