Picha za mwanao zina giza: Ni sonona au ni ufundi?

Mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu, amenitumia picha saba kwa WhatsApp bila salamu wala maelezo. Zote ni za majengo ya Dar es Salaam, zote nyeusi na nyeupe, na zote zina giza. Kuna ngazi za zege zinazopanda kusikoonekana. Kuna ghorofa la vioo chini ya anga jeusi kama lami. Kuna ukuta mrefu wenye dirisha moja tu linalowaka taa. Hakuna mtu hata mmoja ndani yake.

Baadaye ukaja ujumbe wa sauti: “Mwanangu mwandishi, hizi anazitengeneza kijana wangu wa kidato cha tatu, usiku kucha yuko nazo. Mtoto mwenye furaha anaweza kutengeneza picha kama hizi? Nimnyang'anye simu?”

Wapo watakaosema mama huyu ana wasiwasi wa bure. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu hofu yake ina utafiti nyuma yake. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Marekani, Andrew Reece wa Chuo Kikuu cha Harvard na Christopher Danforth wa Chuo Kikuu cha Vermont, walichapisha matokeo ya kuchunguza picha karibu 44,000 ambazo watu 166 walikuwa wameziweka Instagram. Waliowahi kuugua sonona walielekea kuweka picha zenye giza zaidi, ubuluu zaidi na ukijivu zaidi kuliko wengine. Na walipotumia filta, waliyoipendelea zaidi ni Inkwell, ile inayoondoa rangi zote na kubakiza nyeusi na nyeupe.

Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na mzazi anayeisoma nusu lazima ashtuke. Nusu ya pili haikuzunguka sana. Watafiti haohao waliona kwamba watu wenye sonona walitumia filta mara chache kuliko wenye afya. Yaani wengi wao hawakuhangaika kuipamba picha, waliiweka ilivyo. Pia washiriki walikuwa watu wazima waliojitolea, si wanafunzi wa sekondari, na kazi ya kutafuta mwelekeo huo katika maelfu ya picha ilifanywa na kompyuta. Ni kitu tofauti na mama kuangalia picha saba akiwa jikoni na kutoa hukumu.

Sasa tuziangalie picha zenyewe, maana hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Kupiga majengo ya kisasa kwa nyeusi na nyeupe ni fani yenye wenyewe. Lucien Hervé, mzaliwa wa Hungary aliyeishi Ufaransa, mwaka 1949 alikwenda Marseille kuona jengo kubwa la makazi lililokuwa likijengwa na msanifu Le Corbusier. Alipiga picha 650 kwa siku moja. Le Corbusier alipoziona, akamfanya mpiga picha wake. Hervé alikuwa na tabia ya kuchukua mkasi na kuikata picha iliyokwisha kusafishwa, akibakiza kivuli, kona ya ukuta na kipande cha anga. Alichokuwa akikifanya kwa mkasi ndicho kijana wako anakifanya kwa kidole.

Zege na vioo vinapendeza bila rangi kwa sababu uzuri wake upo kwenye umbo na kivuli. Angalia Soko la Kariakoo, lile lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, likafunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Ukilipiga kwa rangi, jicho linakwenda kwenye miavuli ya wamachinga, matangazo ya mitandao ya simu na bajaji. Ondoa rangi, na ghafla unaona lile paa la zege lililofunguka kama miavuli iliyogeuzwa. Jengo la KICC la Nairobi, lenye ghorofa 28, nalo ni hivyohivyo. Umbo lake la duara linasimama lenyewe bila kuhitaji rangi.

Kazi ya kuhariri haiishii kwenye kubonyeza kitufe kimoja. Programu ya bure kama Snapseed inampa kijana filta za rangi ndani ya nyeusi na nyeupe. Akichagua nyekundu, buluu ya anga inazama na kukaribia weusi, mawingu meupe yanaruka mbele. Lile “anga jeusi kama lami” lililomtisha mama yule linatokana na hapo. Lilikuwa anga la kawaida la saa kumi jioni. Wapiga picha wa zamani walipata kitu hichohicho kwa kufunga kioo chekundu mbele ya lenzi.

Halafu inakuja kunyoosha kuta, maana ghorofa likipigwa kutoka chini huonekana linaangukia nyuma. Kisha sehemu inayokula muda kuliko zote: kupita na kidole kipande kwa kipande, hapa unaongeza mwanga, pale unapunguza, mpaka ukingo wa ukuta utengane na anga. Lazima aamue jicho la mtazamaji litue wapi. Dirisha moja lenye taa kwenye ukuta wa giza ni uamuzi wa namna hiyo. Mengine yote yamefifishwa makusudi ili hilo lionekane.

Hapa ndipo afya inapoingia. Sonona humnyang'anya mtu hamu ya mambo aliyoyapenda, nguvu za kuyafanya na uwezo wa kutulia kwenye jambo moja. Kijana anayekaa saa mbili akipambana na ukingo wa ukuta, akafuta, akarudia, anavitumia vitu vitatu hivyohivyo. Kwa hiyo nilimwomba mama yule asimuulize mwanawe “una shida gani?” Nilimwambia akae karibu naye na kusema, “Hebu nioneshe ilivyokuwa kabla hujaitengeneza.”

Jibu lilikuja kesho yake, ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kijana alikuwa amemwonesha picha ya kabla na ya baada, akamweleza alivyozitoa nyaya za umeme moja moja kwa sababu “zinanikera, mama, zinakata ghorofa katikati”, kisha akamlalamikia kwamba rafiki zake hawazielewi picha zake. Mama anasema hajamsikia akiongea mfululizo namna ile tangu aanze sekondari. (Hilo la marafiki ningelifuatilia, lakini taratibu.)

Lakini lipo ambalo mama yule aliliona sawasawa, nalo ni usiku. Anayehariri gizani, simu ikiwa na mwanga wa juu kabisa, anadanganywa na jicho lake. Kwenye chumba cheusi kila kitu cha kwenye kioo kinaonekana kinang'aa, hivyo anaendelea kupunguza mwanga. Asubuhi akiifungua picha ileile nje, imekuwa masizi matupu. Sehemu kubwa ya giza la picha zile saba huenda imetoka kwenye taa iliyozimwa chumbani. Mwambie ahariri mchana au taa ikiwa imewashwa, mwanga wa simu ukiwa wa katikati, na kabla ya kuiweka mtandaoni aitazame tena asubuhi. Ukimwambia hivi atakusikiliza, kwa sababu unaongelea ubora wa kazi yake. Ukianza na “macho yako yataharibika” umeshampoteza.

Macho nayo yapate nafasi: kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa kama mita 6 kwa sekunde 20. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala hawezi kuzipata kama amelala saa saba usiku. Na kijana asiyelala huwa mkali, mzito na mwenye huzuni, dalili ambazo mzazi anaweza kuzihesabu kama sonona wakati tatizo lilianza na usingizi. Simu ichajiwe sebuleni, ya mzazi ikiwa pembeni yake. Wengi hapo ndipo wanaposhindwa, maana mtoto anaona simu ya baba imelala chini ya mto.

Niwe na wasiwasi lini, basi? Usisubiri picha ikuambie. Angalia kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ana huzuni au hasira isiyoeleweka, ameacha kula vizuri au anakula kupita kawaida, amejitenga hata na wale aliokuwa akicheka nao, au alama za shule zimeporomoka. Kwa kijana mpenda picha iko dalili moja inayonitisha kuliko anga jeusi: aache kupiga. Mtoto aliyekuwa akikimbilia nje kila mawingu ya masika yakijikusanya, sasa anayaona dirishani na kugeukia ukutani. Hapo mpeleke akaonane na daktari au mshauri wa saikolojia. Akizungumzia kufa, kwa maneno au kwa maandishi chini ya picha yake, usisubiri wiki mbili wala kumuuliza shangazi. Nenda naye hospitali siku hiyohiyo. Kwa ushauri, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na mzazi pia anaweza kuipiga.

La mwisho ni miguu, maana wazazi huangalia simu tu na kusahau anakoipeleka. Picha nzuri ya ghorofa humtamanisha kijana kupanda juu ya paa, kwenye jengo ambalo halijakamilika, au kusimama katikati ya barabara akiangalia juu. Mkatalie waziwazi. Mweleze pia kwamba kambi za jeshi, vituo vya polisi na Ikulu havipigwi picha, na kwamba mlinzi wa jengo la mtu akisema hapana, anashukuru na kuondoka. Wakati mzuri wa kupiga majengo ya Posta ni Jumapili asubuhi, mitaa ikiwa tupu na jua likiwa bado linakuja kwa ubavu, vivuli virefu. Nenda naye. Beba maji, na umwache yeye achague wapi msimame.