Jukwaa la kazini huanzia sebuleni

Kwa miaka sita, ofisa mikopo mmoja wa chama cha akiba na mikopo ndiye aliyekuwa akiandika taarifa ya mikopo ya mwaka. Na kwa miaka hiyo yote sita, meneja wake ndiye aliyeisoma mbele ya mkutano mkuu. Yeye alikaa viti vya nyuma, akisikiliza namba zake zikitoka kinywani mwa mtu mwingine.

Mwaka wa saba meneja akamwita. “Safari hii utawasilisha wewe. Wanachama hawatapungua 400, na bodi yote itakuwepo. Jiandae.”

Jioni alimweleza mumewe hata kabla hajavua viatu. Mume akacheka. “Wewe? Mbona kwenye vikao vya ukoo huwa hufungui mdomo?” Hakuwa na nia mbaya. Alisema, akarudi kwenye taarifa ya habari. Mke akaingia jikoni, na kufika wakati wa kulala alikuwa ameshapanga la kumwambia meneja kesho yake: kifua kinambana, kazi hiyo apewe mwenzake.

Visa vya namna hii ni vingi kuliko inavyodhaniwa. Mtu anaitwa mbele baada ya kusubiri miaka, halafu anarudi nyuma mwenyewe. Mara nyingi uamuzi huo haufanyiki ofisini. Unafanyika nyumbani, usiku, baada ya neno moja la mtu wa karibu.

Chema hakijiuzi ofisini

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni huenda ni kweli. Ofisini, kazi nzuri iliyofungiwa kwenye faili huhesabiwa kuwa ya yule anayeieleza. Wajumbe wa bodi hawakai na ofisa mikopo kila siku. Wanamjua yule wanayemwona mbele, anayeulizwa swali akalijibu. Ikitokea nafasi ya juu, jina linalotajwa kwanza ni la mtu huyo.

Faida haiishii kwenye kuonekana. Anayejiandaa kueleza jambo mbele ya watu hulazimika kulielewa upya. Namba aliyoizoea kuiandika bila kujiuliza, sasa anajiuliza imetoka wapi, kwa nini imepanda, na nini kifanyike. Maswali ya wasikilizaji nayo humwonyesha mahali ambapo hakuwa amefikiri vya kutosha. Mtu anaweza kutoka jukwaani akiwa anaijua kazi yake vizuri kuliko alivyopanda.

Woga si wa wadogo tu

Anayedhani woga ni dalili ya kutofaa, amtazame Warren Buffett, tajiri mkubwa wa Marekani. Ujanani aliogopa mno kuzungumza mbele ya watu. Alijiandikisha kwenye mafunzo ya Dale Carnegie ya kuzungumza hadharani, akaandika hundi, kisha akaizuia kwa woga. Mara ya pili alilipa dola 100 taslimu, ili asipate njia ya kurudi nyuma. Alipomaliza mafunzo hayo, alikwenda kufundisha darasa la jioni la uwekezaji katika Chuo Kikuu cha Omaha, ili asipoteze alichojifunza. Hadi uzeeni, cheti alichokitundika ofisini na kukitaja kwa fahari ni hicho cha kuzungumza. Na amesimulia mwenyewe kwamba alimposa mkewe, Susan, wakati akiendelea na mafunzo hayo.

Uingereza nako, Mfalme George wa Sita alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Mwaka 1925, kabla hajawa mfalme, alipata taabu kubwa kutoa hotuba ya kufunga maonyesho ya Wembley, umati ukimsikiliza. Mwaka uliofuata alianza mazoezi kwa Lionel Logue, mtaalamu kutoka Australia. Mkewe Elizabeth alikuwa bega kwa bega naye katika mazoezi hayo. Mwaka 1927 alisimama mjini Canberra kufungua jengo la Bunge la Australia, na hotuba ikaenda vizuri. Kigugumizi hakikuisha kabisa, lakini hakikumzuia tena kufanya kazi yake.

Wote wawili walikuwa waoga, na wote wawili walifanya mazoezi. Hakuna aliyesubiri kwanza woga uishe.

Mume aliposikia namba jikoni

Turudi kwa ofisa mikopo wetu. Usiku ule mumewe alimkuta akiosha vyombo huku akizungumza peke yake. “Hizo namba gani unazozitaja?”

Mke akamweleza, bila hata kugeuka. Marejesho hushuka kila Januari, kwa sababu ndio mwezi wa ada za shule. Mwanachama huacha rejesho ili mtoto asirudishwe nyumbani. Februari anadaiwa marejesho mawili, anashindwa, na kufikia Aprili mkopo umeshaingia kwenye orodha ya mikopo chechefu. Dawa yake ni kupanga upya tarehe za malipo kwa wenye watoto shuleni, kabla ya Januari, si kuwafuata na barua Aprili.

Mume alisimama kimya mlangoni. Yeye mwenyewe aliwahi kumdhamini rafiki yake kazini, na rafiki akaacha kulipa Januari. “Mbona mimi nimeelewa?” akasema. “Kawaeleze hivyo hivyo.” Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, “Na lile neno la jioni, unisamehe mke wangu.”

Msamaha huo ulikuwa na kazi ya kufanya. Kwa jioni tano zilizofuata televisheni ilizimwa kwa nusu saa. Mtoto mkubwa alishika simu kuhesabu dakika. Mume alikaa kwenye kochi akijifanya mwanachama mwenye hasira: “Kwa nini fedha zangu mmewapa watu wasiolipa?” Siku ya kwanza mke alikwama, wakacheka wote. Siku ya tatu alijibu kabla swali halijaisha. Hapo mume akamwonya kwamba mwanachama mwenye hasira hutaka kwanza kusikilizwa hadi mwisho.

Yanayoweza kufanyika nyumbani

Mazoezi yafanywe kwa sauti, kwa kusimama. Kusoma kimyakimya kitandani hakumwandai mtu. Sentensi ya kwanza na ya mwisho zikaririwe, kwa kuwa hapo ndipo woga hukamata zaidi. Yaliyo katikati yaelezwe kwa maneno ya kawaida, kama mtu anavyomweleza jirani. Kama umepewa dakika 15, jiandae kwa 12. Slaidi ziwe na maneno machache. Wanachama wanajua kusoma, hawakuja kusomewa.

Wanaosikiliza nyumbani nao wana adabu yao. Wasikatize kila sentensi. Waanze na walichoelewa, ndipo waseme walipopotea. Wasimlinganishe na mtu mwingine. Na asiyeweza kusaidia basi asicheke, kwa sababu mtu anayejiandaa kusimama mbele ya watu 400 huanza kujipima kwa sura ya mtu mmoja aliye mbele yake.

Siku ya mkutano

Siku ilipofika, mambo hayakwenda yote kama sebuleni. Kipaza sauti kilikoroma mwanzoni. Katikati ya sehemu ya pili alisahau alipofikia. Akanyamaza, akanywa maji, akatazama karatasi yake, akaendelea. Kwake kimya kile kilikuwa kirefu kama saa nzima. Ukumbini ilionekana ni mtu anakunywa maji.

Mzee mmoja akasimama na kuuliza ni wanachama wangapi waliochelewa Januari ndio waliokuja kushindwa kabisa. Hakuwa na namba hiyo. “Mzee wangu, swali lako ni la msingi na jibu lake sinalo hapa. Nitalitafuta kwenye vitabu na utalipata kwa maandishi ndani ya wiki mbili.” Mzee akatikisa kichwa, akakaa. Jibu lilimfikia siku ya tisa.

Hakupandishwa cheo siku ile. Kilichobadilika ni kidogo zaidi, ila chenye uzito. Mwezi uliofuata bodi ilipotaka maelezo ya mikopo, ilimwita yeye moja kwa moja, na meneja akakaa pembeni kusikiliza. Pendekezo la kupanga upya tarehe za malipo likawekwa kwenye ajenda, safari hii likiwa na jina lake.

Jioni ya mkutano, mumewe alimpokea mlangoni na swali moja: “Yule mwanachama mwenye hasira alikuwepo?”

“Walikuwepo watatu,” akajibu akivua viatu. “Lakini hakuna aliyekuzidi.”