Mama amesema, na sisi hatutakata

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, na nyinyi wote munaotusoma kutoka mbali,

Watu wanatuuliza kwa nini filamu ya dakika 12 imetuchukua miezi miwili. Wengine wanacheka: "Hamuna kazi, ndiyo maana muna wakati." Ni kweli, hatuna kazi. Tulimaliza chuo kikuu, diploma ziko kwa ukuta, na sasa tunasaidia wadogo zetu wanafunzi kumaliza dokimenteri yao juu ya umeme katika komini ya Kenya. Lakini si uvivu uliotuchelewesha. Tulichelewa sababu tulikataa kukata maneno ya mtu bila yeye kujua.

Tuanze na kazi yenyewe. Tulikuwa saba, na mashini moja. Delestaji ilitupangia saa: umeme ukirudi usiku wa manane, mtu anapiga simu, wote wanakuja lupango moja, tunafanya montaji mpaka ukatike tena. Tulikuwa na saa tisa za picha. Tuliziangalia zote, sisi saba pamoja. Kila mmoja aliandika kwa kikaratasi sehemu anayotaka ibaki, tukavibandika ukutani na kuvipanga. Sheria yetu moja tu: aliyeshika mashini anasema kwa sauti anachokata na kwa nini.

Sheria hiyo ilituumiza sisi wenyewe kwanza. Mwenzetu mmoja alichukua kicheko cha mkubwa fulani, akakibandika nyuma ya picha ya mtoto anayesoma kwa mushumaa. Tulishangilia! Kisha mdogo wetu wa kike akauliza: "Huyu baba alicheka juu ya nini?" Tukarudi kwa picha za mwanzo. Alicheka juu ya mbuzi aliyepita mbele ya kamera. Tulibishana mpaka asubuhi, wengine wakisema watu wa namna ile hawastahili huruma. Tulikitoa. Anayesema uongo kwa ajili ya raia, siku ya pili atasema uongo kwa raia.

Sasa tuje kwa wale wanaotaka tunyamaze. Ofisi moja, hatutaitaja, ilituahidi sala na projektere. Waliangalia filamu, wakasifu, wakasema: "Muondoe tu sentensi moja ya mama wa makala." Sentensi gani? Ile anayosema kwamba alilipa pesa ya kurudishiwa umeme, hakupewa risiti, na umeme haukurudi. Eti inaleta siasa. Eti tuweke muziki pale.

Wandugu, siasa ilikuwa pale mbele ya kamera yetu. Laini kubwa ya Inga mpaka Kolwezi, kilomita karibu 1.700, ilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuleta umeme kwa migodi ya shaba. Ilipita juu ya vijiji ambavyo havikupata hata taa moja. Hiyo nayo ilikuwa montaji: mtu alikaa mezani akaamua nani aonekane na nani abaki gizani. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji safi na umeme imehakikishwa. Mama wa makala alisema kifungu hicho kwa maneno yake. Na mutuambie tuweke gitaa juu yake?

Kuna waliotushauri kwa upole: "Muondoe, musimuletee mama shida." Hilo tulilichukua kwa uzito, sababu sisi tutarudi nyumbani, yeye atabaki pale na mfuko wake wa makala. Kwa hiyo tulimupelekea mashini, tukamuonyesha. Aliangalia mara mbili. Akasema: "Uso wangu mutoe. Maneno muache." Basi. Uso umetoka, mikono yake inabaki ikipima makala, sauti inabaki. Kukata ili kumulinda mama, kwa ruhusa yake, ni heshima. Kukata ili mkubwa asikasirike ni woga, hata ukiuita busara.

Musituambie watu hawataki kuona mambo haya. Dieudo Hamadi, kijana wa Kisangani, alifuata watu waliolemazwa na vita ya siku sita ya mwaka 2000, waliposhuka mto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Filamu ile, *En route pour le milliard*, ilichaguliwa Cannes mwaka 2020. Raia wenyewe ndio wanasema ndani yake.

Kwa wanafunzi wote wenye kamera au telefone, tunaomba mambo matatu. Muangalie picha zote kabla ya kukata. Muonyeshe filamu kwanza kwa wale muliowapiga picha, kisha kwa wakubwa. Na picha za mwanzo muziweke kwa diski mbili, nyumba mbili mbalimbali, sababu siku moja mtu atasema maneno yale hayakusemwa.

Kwa ile ofisi: asante, projektere mubaki nayo. Tutaonyesha filamu katika lupango, kwa shuka nyeupe. Kila mtu aje na kiti chake. Umeme ukikatika, hakuna kwenda nyumbani, tutangoja pamoja mpaka urudi.